Mchi wa Mama Yustina na Paja Langu

Namshukuru Mungu Mwenyezi aliyeniweka hai mpaka leo, akanipa miguu miwili (mmoja una kasoro, nitaeleza) na mke mwenye subira kuliko mimi. Sifa zimrudie yeye, kwa sababu hakuniacha hata siku ile niliyolala sakafuni kwangu na kaptura moja tu, nimejipaka mawese, na nusu ya kijiji imenisimamia na mikuki. Naona aibu kuyaandika haya, na wanangu wamenisihi niyaache, lakini naona afadhali niyaseme mwenyewe kuliko yasemwe na wengine, maana wakisema wao huongeza.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu Mamba, nami nilikuwa katekista. Nilizunguka vigango vitatu kwa baiskeli, na siku nisiyofundisha nilikuwa nimeinama kwenye mpunga, kwa hiyo paja langu la kulia lilikuwa limekaza kama kamba iliyolowa ikakauka juani. Mwaka ule Baba Askofu alikuwa anakuja Jumapili kutoa Kipaimara, na nilikuwa na watoto thelathini na mmoja niliowafundisha miaka miwili. Desturi yetu ni kwamba katekista husimama mbele ya Askofu na kumwita kila mtoto kwa jina lake, na mimi (kiburi hiki ndicho ninachoungama) nilikuwa nimetangaza kwamba nitawaita wote kwa kichwa, bila karatasi. Nilichohitaji ni mguu wa kunisimamisha kwa misa nzima.

Nikapanda lori la mpunga mpaka Mpanda, hospitali, nikamkuta mama mmoja mtaalamu wa viungo ambaye alikuwa na kitu kama gogo, lakini la sponji ngumu. Akaniambia nilalie ubavu, akaliweka chini ya paja langu, nikasogea juu yake mbele na nyuma, na jioni ile nikatembea vizuri mpaka nikajishangaa.

"Mzee wangu, hili halitoki hapa," akasema. "Nyumbani chagua kitu cha mviringo, kinene kidogo, ukifunge kipande cha godoro kwa nje. Usikilalie kwa uzito wako wote, mikono na mguu mwingine vikubebe. Dakika moja, polepole. Ukisikia maumivu makali, acha."

Nikaitikia kila neno. Nimefundisha miaka mingi na ninaijua sura ya mwanafunzi anayeitikia bila kusikia, na siku ile sura hiyo ilikuwa yangu.

Nyumbani nikaanza kuchagua. Jumatatu nilijaribu chupa ya soda, nikaogopa itanipasukia. Jumanne nikachukua mti wa kusukumia chapati, nikaukanda nao msuli kwa mikono yangu nikiwa nimekaa kwenye kiti, na kusema kweli ulinifaa (ningebaki na huo hadithi hii isingekuwepo), lakini ulifanya kazi taratibu na Jumapili ilikuwa inakimbia. Jumatano nilikunja mkeka nikaulalia, ukabonyea. Alhamisi asubuhi nikauona mchi wa mke wangu umeegemea ukuta wa jikoni, mti wa mninga, mnene, laini kwa kutwanga miaka yote, nikasema moyoni, kumbe dawa ilikuwa hapa.

Sasa kwetu mchi ni wa mke. Mama Yustina alikuja nao kutoka kwa mama yake, na mwanamume akiukalia haurudi tena kwenye kinu, chakula chake hakiliki. Nililijua hilo. Lakini yeye alikuwa bondeni kufukuza ndege kwenye mpunga, nikaona nitautumia, nitaufuta, nitaurudisha, na hatajua. Kwa sababu hiyo hiyo sikukata kipande cha godoro, maana godoro lililokatwa lingeulizwa. Nikautumia mchi mtupu. Na ili uteleze vizuri nikachukua chupa yake ya mawese, yale mekundu yanayotoka Karema, nikaupaka mchi, nikalipaka paja, nikafunga mlango, nikalala juu yake kwa uzito wangu wote ili nimalize matibabu ya wiki kwa siku moja.

Mara ya kwanza nikasikia raha. Mara ya pili mchi ukateleza kwenye saruji, ukanipeleka mpaka kwenye mtungi wa maji, mtungi ukapasuka, na paja likakaza ghafla, likajikunja kama ngumi. Nikapiga ukelele ambao sikujua kama ninao.

Jirani yetu alikuwa Mama Kabula, Msukuma, wao ni wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe wao, watu wema kabisa. Akaja dirishani, akachungulia, akaona mzee amelala kwenye maji mekundu na mchi mwekundu pembeni. Akaniita, "Mwalimu, Mwalimu," na mimi nimeuma meno, siwezi kutoa neno. Basi akapiga mwano, lile yowe lao la hatari. Mwano ukipigwa kila mwanamume anayeusikia huupokea, huupeleka mbele na kukimbilia ulikotoka, na asiyekimbia huulizwa baadaye. Kwa hiyo walikuja wote. Wa kwanza waliambiwa nimeuawa, na wa mwisho, waliotoka mbali, waliambiwa nimeua.

Wakavunja mlango. Mbele alikuwa Masunga, kiongozi wa ulinzi, na mkuki wake.

"Mama Yustina yuko wapi?"

Nikajitahidi. "Bondeni."

"Bondeni, na mchi una damu?"

"Si damu, ni mawese."

"Mawese ya nini pajani?"

"Nanyoosha msuli."

Kisha sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma ya watu. "Nyie, amefunga mlango mchana, hana nguo, mchi kaupaka mafuta mekundu. Huko ni kunyoosha gani?"

Hakutaja neno lenyewe, wala hakuhitaji. Kila Jumapili nilikuwa nasimama kuwaonya watu hao hao juu ya uchawi. Nikawatazama usoni mmoja mmoja, na waliokuwa wakiniamkia jana hawakunitazama.

Masunga alikuwa na huruma kwa namna yake. Akasema, kwanza tumnyooshe mguu, mengine atasema mwenyewe. Vijana wawili wa kuswaga maksai wakaushika, wakavuta, na ndani ya paja kitu kikakatika kama uzi. Sikulia tena, nguvu ya kulia ilikwisha. Wakanilaza kitandani, wakanibeba nacho mpaka uani ili mke wangu akirudi anione, na hapo ndipo watoto wangu wa Kipaimara walipofika, maana Alhamisi ilikuwa siku ya somo. Wakasimama kwenye uzio na vitabu vyao vya katekisimu, wakimtazama mwalimu wao na kaptura yake.

Mama Yustina aliletwa anakimbia, kanga imemwanguka mabegani, amekwisha kulia njia nzima. Akafika, akanitazama, akagusa paja langu kwa kidole, akalamba.

"Haya ni mawese yangu," akasema.

Watu wakaanza kucheka, Masunga wa kwanza, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilidhani kicheko kitaniokoa, lakini kiliniumiza kuliko mikuki. Mke wangu hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na mchi wake, akaketi nao mapajani, akaufuta na ncha ya kanga.

"Nisamehe, Mama Yustina," nikamwambia.

"Baba Yustina, ungeniomba ningekukatia godoro."

Jumamosi mguu ulikuwa umevimba, siwezi hata kuukanyagia. Padre akatuma ujumbe kwamba nipumzike, katekista mwingine atawaita watoto. Mpaka leo sijui kama nilipumzishwa kwa ajili ya mguu au kwa ajili ya maneno, na sikuwahi kuuliza, kwa kuogopa jibu. Nikamtumia orodha niliyokuwa nayo, ile ya zamani niliyoiandika darasa lilipoanza.

Jumapili nililala nikisikiliza ngoma za kanisani zikipita juu ya mashamba. Jioni akaja Kabula, binti wa jirani yetu, jina lake la ubatizo Sesilia, amevaa gauni jeupe ambalo mama yake alilishona kwa mkono. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umepokea?"

"Sikuitwa."

Nikakumbuka. Aliingia darasani kwa kuchelewa, wazazi wake walipohamia, na nilimpokea kwa moyo wote, lakini sikumwandika popote, kwa sababu majina nilikuwa nayo kichwani. Orodha ilikuwa na thelathini.

"Ungemwambia katekista."

"Niliogopa, Mwalimu. Watu walikuwa wengi. Nikajua utaniita wewe."

Baba Askofu alikuwa ameshaondoka. Nikamwahidi mwaka mwingine. Kabla mvua hazijaanza malisho yakawa haba, Mama Kabula akaja kuniaga, wakahama na ng'ombe wao kuelekea kusini mwa bonde la Rukwa, na sijapata habari zao tena.

Paja lilipona nusu. Mchi haukurudi kwenye kinu. Mama Yustina aliufunga kipande cha godoro, akakishona vizuri pande zote, akauweka chini ya kitanda upande wangu, na mpaka leo kila asubuhi naulalia polepole, dakika moja, mikono ikinibeba kama nilivyoelekezwa. Kichwani hivi sasa siweki kitu, naandika hata majina ya wajukuu. Na nikiwa juu ya mchi ule huwaita watoto wangu wote, mmoja mmoja, na wa mwisho humwita Sesilia, nikimwomba Mungu iwe kwamba huko aliko mtu mwingine ameshamwita.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde viungo vyako vyote na akupe mtu wa kukukatia godoro kabla hujaomba, na siku ile majina yatakaposomwa, jina lako lisikosekane. Amina.