Rubab Achagua Wimbo

Miaka ile ya themanini, ukimwuliza mtu wa Shinyanga mjini duka la Mama Shirin liko wapi, hakukutajia mtaa. Alikwambia fuata muziki. Duka lenyewe lilikuwa la vitambaa, ingawa kwa hali ilivyokuwa vitambaa vilikuwa vya kubahatisha: leo khanga zipo, kisha mwezi mzima hazionekani. Kilichokuwapo siku zote ni redio kaseti kubwa juu ya kaunta, na nyuma yake Mama Shirin mwenyewe, Rubab binti Rajabali, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, akipima kitambaa huku kichwa kikifuata gitaa la Wakongo. Ukimpelekea kanda tupu alikurekodia nyimbo ulizotaka. Kama hujui unachotaka alikuchagulia, na sijasikia mtu aliyerudi kulalamika.

Kuwachagulia watu alikuwa bingwa. Yeye mwenyewe ndiye hakuwahi kuchagua kitu. Mume alichaguliwa na shangazi zake, na tuwashukuru, maana Nazir alikuwa mtu mwema, asiyependa ugomvi hata wa kuku. Duka alilirithi. Hata jina la mtoto wao wa pekee, Shirin, lilitoka kwa mama mkwe kabla mtoto hajafumbua macho.

Na jambo moja alikatazwa kulichagua tangu utotoni. Rubab alizaliwa Mhunze, baba yake alikokuwa na duka. Huko Usukumani mtu wa ngoma ni Mgalu au ni Mgika, hakuna katikati. Baada ya mavuno vyama hivyo viwili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, vikisutana kwa nyimbo, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo pale unaposimama kutazama, hapo umeshapiga kura. Mzee Rajabali aliwauzia Wagalu chumvi na Wagika mafuta ya taa, na akili ya biashara hakukopa kwa mtu. Aliwaambia wanawe wasikanyage uwanjani. Watatazama kutoka barazani. "Mwenye duka hana ngoma," alisema. Basi Rubab akakulia barazani, akazijua nyimbo za pande zote mbili kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko Kigujarati chake, na kila mwaka alisimama pale ambapo mtu hahesabiwi. Iliuma, nisikufiche. Iliuma hata alipokuwa na mvi.

Wazo la kanda lilikuwa lake. Vijana wa bendi ya Mhumbu Jazz, waliopiga dansi kila Jumamosi karibu na stendi, walikuwa na kawaida ya kushinda dukani mchana wakisikiliza nyimbo za wenzao. Rubab aliwatazama walivyosikiliza, macho wameyafumba, vidole vinacheza hewani, akaona kwamba mpiga gitaa hasikilizi kama sisi wengine. Akawaambia kila mmoja achague wimbo mmoja anaoupenda kuliko zote, ataje jina lake, aseme kwa nini anaupenda, naye atazikusanya katika kanda moja. Sharti lilikuwa moja tu: wimbo usiwe wa Mhumbu Jazz. Selestine, kiongozi wa bendi na mpiga besi, kijana wa Geita mwenye kujipenda kidogo, alinung'unika sana. Akaambiwa aache uroho.

Walirekodi Jumapili, milango ya duka imefungwa. Selestine alichagua rumba. Mpiga saksafoni alichagua wimbo wa kwaya uliomliza siku ya kipaimara chake. Mpiga tumba alichagua taarabu, wenzake wakamcheka mpaka akatishia kuondoka. Mambo yalikwenda vizuri hadi zamu ya Ngassa, mwimbaji. Akatoa mfukoni kanda iliyorekodiwa uwanjani huko vijijini, ngoma zikilia na watu wakipiga vigelegele.

"Naitwa Ngassa," akasema kwenye kinasa sauti. "Dansi nilijifunza ukubwani. Lakini wimbo wa kwanza kunisisimua mwili ni huu wa Wagika."

Nazir, aliyekuwa akimimina chai, akaacha birika.

"Mama Shirin," akamwambia mkewe pembeni, "hiyo haitoki. Kesho Wagalu wote wataapa kwamba duka letu ni la Wagika."

"Ameambiwa achague, amechagua," akajibu Rubab.

"Basi mwishoni weka kitu cha kupoza. Chagua wewe, wimbo wa filamu ya Kihindi. Nani atakukasirikia?"

Vijana wakaafiki kwa furaha. Kanda ilibaki na nafasi ya wimbo mmoja, na nani mwenye haki nayo kama si mwenye wazo? Rubab akainuka kutafuta kanda ya filamu. Alizipenda nyimbo za filamu, wala haukuwa uongo kuuchagua mmoja. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye rafu Selestine alipouliza, bila nia yoyote, kama mgeni asiyejua mambo ya mji:

"Hivi Mama Shirin, wewe ni Mgalu au Mgika?"

Ngassa akamkanyaga mguu. "Acha utoto. Mama ni Mhindi."

Katika miaka hamsini na miwili hakuna aliyewahi kumwuliza. Walimheshimu, walimwamkia, walimletea viazi na karanga, lakini swali wanaloulizana hata watoto wa kuchunga ng'ombe halikupita mdomoni mwa mtu mbele yake. Akijibu, nusu ya wateja wangeweza kwenda zao. Asipojibu, angebaki barazani mpaka azikwe. Akamtazama Nazir. Nazir, Mungu amzidishie, akatazama chini na kuendelea kumimina chai.

Akarudi na mikono mitupu, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Mimi Rubab binti Rajabali wa Mhunze," akasema kwa Kisukuma. "Ni Mgalu. Nachagua huu."

Akauimba mwenyewe, maana hakuwa nao kwenye kanda yoyote. Ulikuwa wimbo wa zamani wa kuwasuta Wagika, kwamba wanacheza kama watu waliokanyaga mkaa wa moto, na uwanja unawaonea haya. Sauti ilianza na kutu, ikakaa sawa kwenye ubeti wa pili. Mpiga tumba akaanza kugonga kaunta. Ngassa, Mgika wa kuzaliwa, aliziba masikio kwa vidole huku akicheka.

Kanda zilianza kutoka katikati ya juma. Zilikwenda kwenye baa, kwa madereva wa malori, mpaka Tinde na Kolandoto. Siku ya kwanza Wagalu walifika wakishangilia. Siku ya pili pia. Mgika hakuonekana hata mmoja. Nazir hakulaumu, alikunja tu na kukunjua khanga zile zile. Rubab alijua kimya hicho. Walikuwa wamemwondokea kwa adabu, kama mtu anavyomwondokea mgeni aliyekosea. Usiku alilia kidogo, kisha akajikaripia.

Siku ya soko akaingia Mama Apolonia, bibi wa Kigika aliyenunua kwake miaka ishirini, mpole, mtu wa kuamkia "mwangaluka, mayu" na kuinamisha kichwa. Safari hii hakusalimia. Alisimama katikati ya duka, akatua kapu, akashika kiuno, na akaanza kuimba kwa sauti ya kufika barabarani:

"Binti Rajabali wa Mhunze, pima tena!
Kitambaa cha Wagalu hakitoshi hata kiraka.
Umenenepa barazani, miguu imesahau ngoma,
shuka uwanjani tukuone!"

Nje Wagika wenzake walikuwa wamejaa, wakiitikia na kupiga makofi. Walikuwa wameutunga njiani, ukiwa na jina lake ndani. Nazir akatoka stoo mbio, rangi imempotea.

"Wanakutukana! Niwafukuze?"

Rubab alikuwa ameshaegemea kaunta, machozi yanamtiririka kwa kicheko, akitafuta ubeti wa kujibu.

"Thubutu!" akasema. "Tangu nizaliwe nawangoja hawa."