Mahkam wa Chaneli ya Buriani

Siku Mahkam aliponipigia simu, mke wangu ndiye aliyeiona kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeinama kwenye tanuri nabandika mikate. Akalisoma jina kwenye kioo, akaiweka trei chini, akakaa juu ya gunia la unga na kuanza kulia.

"Ni nani?" akasema. "Yoldosh, niambie ni nani. Ni baba?"

Nikapokea na mikono yangu ya unga. "Haya, Mahkam. Sema."

"Kaka Yoldosh, niwekee mikate minne, ile ya ufuta. Nitapita mchana."

Mimi nilicheka. Mukaddas hakucheka. Alininyang'anya simu. "Kaka Mahkam, nakuomba kwa jina la Mungu, ukitaka mkate gonga ukuta, piga kelele, fanya lolote. Usitupigie simu!"

Kisha tukamsikia, kwenye simu na pia kupitia ukutani, maana duka lake na tanuri letu vimeegemeana. "Sawa, shemeji. Nisamehe."

Hakutupigia tena.

Zamani Mahkam alikuwa mpiga picha. Nusu ya pasi za kusafiria za mtaa wetu hapa Kokand zina sura alizozipiga yeye, na maharusi walikuwa wakipanga foleni mbele ya pazia lake lenye maporomoko ya maji. Halafu kila mtu akawa na kamera mfukoni. Mkewe alikuwa ameshafariki, binti yake ameolewa Namangan, na mwanamume akawa anashinda dukani peke yake akitazama mafunzo ya mtandaoni: jinsi ya kuijengea biashara yako jina, jinsi ya kuchagua rangi, jinsi ya kufuatilia watu wanasema nini. Alijifunza yote hayo vizuri, akakosa wa kumfanyia.

Ndipo akafa mwalimu Gofur, aliyefundisha hesabu vizazi viwili. Kwetu mtu akifa asubuhi, adhuhuri anasaliwa na kuzikwa. Habari zilikuwa zikipita mlango kwa mlango, na siku ile hazikufika mbali. Msikitini zilisimama safu mbili tu. Jioni wanafunzi wake, wengine wazee wenye mvi, wakawa wanafika langoni mmoja mmoja wakiambiwa ameshawekwa kaburini. Mahkam alikuwa mmoja wao. Alirudi dukani, akaketi mbele ya kompyuta, na kesho yake chaneli ya Vido ikawa hewani. Vido kwa lugha yetu ni neno la kuagana.

Aliitengeneza kama anavyotengeneza mtu anayejua kazi yake. Fremu ya kijivu, tawi la komamanga pembeni, na ndani jina, umri, baba au mama wa nani, msikiti gani, sala saa ngapi. Hakuweka maneno ya kilio wala mashairi. Akamrekodi mpiga filimbi ya nai wa sokoni sauti tatu fupi, ili Vido ikiingia kwenye simu ijulikane bila kutazama. Baada ya msimu mmoja wa baridi mji mzima uliijua. Ukiwa sokoni, nai ikalia kwenye simu moja, kisha kumi, kisha mia, mizani zinasimama. Vijana wetu walioko Urusi na Korea nao waliifuata, wajue nani ametoweka mtaani kwao.

Na hakuwahi kukosea. Alifuatilia makundi yote ya mitaa, ya misikiti, ya kina mama, akaweka hata ishara za kumwamsha neno fulani likiandikwa. Lakini hatangazi mpaka asikie vinywa viwili, cha wafiwa na cha imamu. Kwa hiyo alilazimika kupiga simu. Na mji ukajifunza maana ya jina lake likitokea kwenye kioo.

Ubaya ulianza taratibu. Kwa kinyozi akiingia, mazungumzo yanakatika, mtu anakumbuka ana shughuli. Kwenye harusi, wanaume wote wa mtaa wanapoitwa kula pilau ya alfajiri, yeye akaanza kuletewa yake nyumbani, imefunikwa kwa kitambaa safi, na salamu nyingi. "Tumeona usisumbuke, kaka, una kazi nyingi." Pilau yenyewe nzuri, nyama imejaa. Aliila peke yake mbele ya kompyuta.

Rafiki yake mkubwa, Saidakbar, alipolala kitandani nyumbani kwa ugonjwa wa figo, Mahkam alikwenda kumjulia hali na kikapu cha mapera. Mtoto mkubwa wa Saidakbar akamkuta langoni, akasimama katikati ya lango.

"Amko," akasema, yaani ami, "baba amelala."

"Namsikia anaongea."

Kijana akatazama viatu vyake. "Amko, akikuona wewe atadhani kwisha kazi. Nakuomba usinielewe vibaya. Mapera nitampa."

"Usimwambie ni yangu," Mahkam akasema, akampa kikapu.

Akaamua kulirekebisha kwa kile alichojifunza. Jina likishika maana mbaya, walisema waalimu wa mtandaoni, jenga jingine kando yake. Akafungua chaneli ya pili, ya harusi na watoto waliozaliwa: fremu ya manjano, maua ya mti wetu wa aprikoti, sauti ya ngoma. Alitupitia mtaani wote akitubembeleza tumtumie picha. Mukaddas akamtumia ya mjukuu wa dada yake, mtoto mnono mwenye kofia. Kabla ya saa sita bibi wa mtoto alikuwa ameshafika kwetu bila hata kuvua kilemba cha jikoni.

"Mukaddas! Umempeleka mtoto wangu kwa yule?"

"Dada, ni ya manjano. Ni ya furaha."

"Herufi zilezile! Jina hapo, umri hapo, baba ni nani hapo! Nimeisoma mpaka mwisho natafuta saa ya sala!"

Mahkam alikuwa upande wa pili wa ukuta, na bibi yule hana sauti ya chini. Picha ikaondolewa palepale. Chaneli ya manjano ilikaa siku chache, ikafungwa.

Ni mke wangu aliyemfikiria Hanifa. Hanifa ana kibanda cha nyuzi za kudarizi sokoni, mjane, mcheshi, mwanawe wa pekee anafanya kazi ya ujenzi huko Kazan, Urusi. Mukaddas alipomtajia Mahkam, Hanifa alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo? Nikimkubali si ndiyo nitakuwa nimejitangaza mwenyewe?" Lakini hakusema hapana. Wakakutana kwetu, mbele yetu, kwa heshima, wakanywa chai. Mara ya pili Mahkam alimletea picha aliyompiga zamani, Hanifa msichana wa shule mwenye nywele za misuko arobaini, aliyoitafuta kwenye maboksi ya filamu. Hanifa aliishika muda mrefu. Mara ya tatu hawakutuhitaji. Walipanga kula mchana pamoja kwenye mgahawa wa chai ulio nyuma ya soko, mahali pa wazi, kila mtu awaone.

Siku hiyo mzee mmoja alifariki mtaa wa wafinyanzi na imamu hakupatikana haraka. Mahkam akaona atachelewa. Akafanya ambavyo mtu yeyote angefanya, akampigia simu kumwambia amsubiri kidogo.

Mukaddas alikuwa kibandani, ndiyo maana najua. Anasema Hanifa alikuwa amevaa kitambaa kipya, anatania wateja. Simu ikalia, akaitazama. Hakupokea. Aliigeuza kifudifudi juu ya nyuzi, kama anayeifunika isipumue, na kusema kwa sauti ndogo, "Kazan." Kisha akateleza chini pamoja na vishada vyote alivyovishika. Wanawake walimmwagia maji. Ilibidi mwanawe mwenyewe apigiwe, aongee, aseme jina lake, aulize mama yake amelishwa nini, ndipo Hanifa akakubali kuketi.

Jioni walikutana kwetu. Hanifa ndiye aliyeanza.

"Kaka Mahkam, huna kosa lolote. Nataka ulijue hilo kwanza."

"Nitaifunga," Mahkam akasema.

"Usiifunge kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani basi? Nitajie mwingine niliyebaki naye."

Hanifa akalikunja pindo la kitambaa chake, akalikunjua.

Mahkam akaifunga kweli. Akaandika ndani ya fremu ileile ya kijivu, kwa kuwa hakuwa na nyingine: Vido inapumzika, asanteni. Mahkam. Nai ikalia mji mzima, watu wakaona kijivu, wakaona jina, na nusu ya Kokand ikadhani ni yeye aliyekufa. Walinipigia mimi kuniuliza sala saa ngapi na msikiti gani. Nilijibu simu mpaka mkate ukaungua. Hakuna hata mmoja aliyempigia yeye.

Zilikuwa siku nzuri kwake, kwa kadiri ninavyojua. Alipaka duka rangi. Alikwenda kibandani kwa Hanifa, akakaa kwenye kigoda, akamsaidia kupanga nyuzi kwa rangi, na wateja wakazoea kidogo. Lakini watu hawakuacha kufa. Habari zikarudia mtindo wake wa zamani: zinachelewa, zinachanganya majina. Na mtu mmoja, hatujamjua mpaka leo, akainakili fremu, akainakili komamanga, akafungua Vido yake. Watu wakaifuata bila kutazama mara mbili.

Ndiyo iliyomtangaza mzee Tursunboy muuza matikiti. Mzee alikuwa amekwenda shambani asubuhi. Aliporudi alikuta wanaume wamepanga mstari langoni pake, wamevaa majoho na kufunga mishipi ya msiba.

"Nani kafa?" akauliza.

Walitazamana. "Wewe, baba," mmoja akasema.

"Mimi? Mbona sijaambiwa?"

Hayo tuliyacheka mwaka mzima. Hatukulicheka la dada yake, bibi wa watu aliyeisoma kwenye simu akiwa juu ya ngazi nyumbani kwake, akaanguka na kuvunjika nyonga, na hajasimama tena.

Kesho yake baada ya tangazo lile wakaja kwa Mahkam. Niliwaona wanajaa mbele ya duka na uani kwake: imamu, wazee wa mtaa, kinyozi, mtoto wa Saidakbar, wanaume ambao miaka hiyo walivuka barabara wasikutane naye. Mahkam alihangaika kama mwenye harusi. Alinigongea ukuta nipitishe mikate yote niliyokuwa nayo. Alitandika magodoro uani chini ya mzabibu, akaweka zabibu kavu, lozi, sukari ya mawe, mabirika ya chai, vikombe vya piyala alivyoazima kwetu.

"Karibuni, karibuni, kaeni, jamani. Shehe, njoo huku juu."

Walikaa ukingoni, magoti juu. Imamu akasema mji unamhitaji, akasema mambo mazuri, ya kweli. Mahkam alikuwa anazunguka kumimina chai huku akisikiliza.

"Nipeni siku moja nifikiri," akasema. "Ila kunyweni chai kwanza."

"Bila shaka, bila shaka," wakasema, wakainuka. Mmoja anaogopa kuchelewa sala, mwingine ameacha duka wazi. Uani ikabaki mikate yangu mizima na piyala zimejaa, mvuke unapanda. Nilikaa nikanywa zangu mbili, tatu.

Mahkam alikwenda kwa Hanifa kumwambia atakataa. Hanifa ndiye aliyemkatalia hilo.

"Rudi kazini," akamwambia. Mukaddas alikuwapo, alijifanya anachagua nyuzi. "Yule bibi wa watu amevunjika nyonga, kaka. Mimi nilianguka juu ya vitambaa tu."

"Na sisi?"

"Mimi siwezi kuishi na simu ile ndani ya nyumba. Nimejaribu kujiona nikiwa nayo. Kila mara mwanangu akichelewa kuandika nitakutazama usoni, na wewe utakuwa unakula tu supu yako." Akamshika mkono wa joho, mbele ya soko lote, jambo ambalo kwetu si dogo. "Mama yangu ni mzee sana. Siku yake ikifika, nitataka uandike wewe. Sitamtaka mtu mwingine."

Mahkam akasema ahsante. Mukaddas anasema aliisema ahsante hiyo mara mbili, kama amepewa kitu, kisha akatoka kupitia mlango wa wauza chumvi.

Vido ikarudi jioni ile, na ya bandia ikafa yenyewe. Mama yake Hanifa alifariki majira ya kuchipua. Tangazo lilikuwa sahihi, lina jina la ujana wake ambalo hata majirani walikuwa wamelisahau, na safu za msikitini zilifika barabarani. Mahkam alisimama safu ya mwisho. Baada ya mazishi Hanifa alikwenda Kazan kwa mwanawe na kibanda kimechukuliwa na wauza vifungo.

Mahkam mwenyewe yupo. Ameanza mazoea ya kutupitia asubuhi, kabla hatujafungua, mikate ya kwanza ikiwa bado inatolewa. Haingii moja kwa moja. Anasimama nje ya mlango ili tusistuke, anakohoa kidogo, kisha anasema kwa sauti ya kutosha Mukaddas aisikie mpaka ndani:

"Ni mimi, shemeji. Hakuna kitu. Nimekuja kusalimia."