Kitambaa cha Mama Stamenka

Pale Leskovac, mji wa Serbia, aliyetaka kompyuta yake ikimbie kuliko kiwanda kilivyoipangia alikwenda kwa Vukoman. Alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta nyuma ya soko la pilipili, na mdomo alikuwa nao.

"Mwendo wa prosesa, ubongo wa kompyuta, unapandishwa kidogo kidogo," aliwahubiria wateja. "Ukipandisha, pima joto. Umeme wake usiuongeze ovyo. Halafu ichoshe kwa kazi nzito siku nzima, kwenye chumba kilekile unachoishi, madirisha yakikaa kama yanavyokaa kila siku. Feni haitengenezi baridi, bwana wee! Inasukuma hewa iliyoikuta."

"Si kuna wanaopoza kwa maji?" mteja mmoja aliuliza.

"Maji weka kwenye supu."

Ushauri mzuri, ila mwenyewe hakuufuata.

Aliishi na mama yake mjane, Stamenka, aliyeogopa upepo wa kupenya kuliko radi. Nyumbani kwake dirisha na mlango havikufunguliwa pamoja hata wakati wa joto. Jino likiuma, ni upepo. Shingo ikikakamaa, ni upepo. Jirani alipopooza uso, mdomo ukapinda, Stamenka alijua mpaka dirisha lililohusika. Na kila chombo chenye mgongo bapa, redio, televisheni, jokofu, alikivika kitambaa cha kufuma kwa mkono.

Januari moja Stamenka alikwenda kumtazama dada yake. Vukoman akafungua madirisha yote, theluji ikaingia mpaka kwenye zulia, akaipandisha prosesa yake mwendo wa kuwatia wenzake kijicho. Akaijaribu kwenye baridi ile, ikatulia tuli. Akajipiga kifua. Mama aliporudi na kufunga madirisha, Vukoman hakuijaribu tena. Ulikuwa uvivu, na kiburi kikubwa zaidi.

Kiangazi kilipofika, Stamenka alimletea kaseti ya video. Ndani yake marehemu mumewe, Svetozar, aliimba kwenye sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote.

"Nihamishie humo kwenye kompyuta, mwanangu. Nimeanza kuisahau sauti yake."

Vukoman aliutazama utepe, akaona umechakaa vibaya. Ungepita kwenye deki ya video mara moja, basi. Ilimjia kichwani airudishe prosesa kwenye mwendo wa kawaida, kwa siku ile tu. Akaona ni kujidhalilisha. Akafungua dirisha, akaanza kunakili, akatoka kununua mkate.

Aliporudi alikuta dirisha limefungwa. Juu ya kompyuta, mahali hewa ya moto inapotokea, kilitandazwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Picha kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa imeganda. Deki iliendelea kuzungusha utepe bila kitu kunakiliwa, na alipojaribu kuurudisha nyuma ukakatika. Kilichookolewa kilikuwa Svetozar akisimama mezani na kukohoa ili asafishe koo.

"Mama, umefanya nini?"

"Palikuwa na upepo, nikafunga. Nikaipamba kidogo, maana leo ni siku ya kumsikia baba yako..."

"Umemuua baba mara ya pili!"

Stamenka aliisogelea kompyuta. Alikichukua kitambaa, akakikunja, akatoka nacho.

Jumapili iliyofuata, mama akiwa kanisani, Vukoman aliijaribu mashine dirisha likiwa wazi, bila kitambaa. Ikaganda vilevile. Akarudisha mwendo wa kawaida, akafunga dirisha, akakitafuta kitambaa kabatini na kuifunika. Ikafanya kazi nzito mpaka mama akarudi kutoka kanisani, bila kukwama hata kidogo. Roho ikamsuta. Akakirudisha kitambaa kabatini na hakusema kitu.

Hakusema wiki ile, wala mwaka ule. Prosesa hakuipandisha tena. Lakini kila akiiwasha, Stamenka huja mwenyewe na kufungua dirisha, hata kwenye theluji, kisha huketi kando amejifunga skafu, na pamba masikioni.

Januari hii alianza kukohoa.

"Funga, mama, utaugua. Siku ile haikuwa..."

"Nyamaza, mwanangu. Acha ipumue. Nilishakosa mara moja, inatosha."

Na Vukoman, mwenye mdomo kuliko wote sokoni, alinyamaza, akaenda kumletea blanketi.