Kiwiko Changu na Mkono wa Mama

Mama alipopooza upande wa kushoto, nilikwenda kijijini Kiringye kumchukua nikamleta kwangu mjini Uvira. Alikuwa ameishi tambarare maisha yake yote, kati ya mpunga na mihogo, na alikubali kuja kwa sharti moja: asiwe mzigo kwangu. Nikamjibu, "Mzigo gani, Mama?" Kumbe mzigo upo, na jina lake ni shuka.

Shuka la mgonjwa likilowa ni zito, na halisubiri. Kila asubuhi, kabla sijafungua atelie yangu ya ushonaji pale Kimanga, nilifua mashuka mawili, siku mbaya matatu, na kuyakamua kwa mikono. Unalisokota, mkono huu unavuta huku, ule unavuta kule, mpaka maji yaishe. Nikitoka hapo naingia kwenye mkasi, nakata vikwembe, yaani vitenge, na vitambaa vizito vya sare za shule hadi jioni. Sikumwambia mtu kwamba nimechoka. Kwetu mwanamke anayelalamika kwamba mama yake anamchosha hana tofauti na aliyemtupa njiani.

Maumivu yalianza upande wa nje wa kiwiko cha kulia, pale penye kifupa. Mwanzo yalikuja nikishika mkasi tu. Baadaye yakaja nikimimina chai, nikifungua mlango, nikiinua sahani. Jumapili moja kanisani, wakati wa kupeana amani, jirani yangu alinikamata mkono kwa moyo wake wote, nikapiga ukelele hadi watu wa benchi la mbele wakageuka. Jirani alidhani namkataa. Hadi leo sijui kama amenisamehe.

Mama ndiye aliyejua kabla sijasema. Nilikuwa namlisha uji kwa mkono wa kushoto. Akaniangalia, akasema, "Leta ule mukono."

Hapo inabidi nieleze mama alikuwa nani. Kiringye nzima walimjua kama mkandaji. Mtu akianguka kwenye tuta la mpunga, akiteguka mguu, mwanamke akijifungua mgongo ukamkataa, tuliitwa sisi watoto wake tumwambie kuna mgeni. Alikuwa anapasha moto mafuta ya ng'ombe kidogo, yale yanayoshuka kutoka milima ya Mulenge, anayapaka viganjani, kisha anaanza mbali na pale panapouma, akisogea polepole. Hakutoza kitu. Mtu akitaka kushukuru, alete mkungu wa ndizi au asilete. Mganga hajigangi, wanasema, na kweli: huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine, na hakukuwa na wa kuukanda kama yeye. Lakini wa kulia ulikuwa mzima. Ulikuwa kitu pekee kizima alichobaki nacho, huo na ulimi.

Basi kila jioni nikirudi kutoka atelie, nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake, nikaweka kiwiko kwenye goti lake. Alikuwa anakanda kwa kidole gumba, kwa nguvu ambayo sikutegemea kwa mgonjwa, na huku anaongea. Kila kiungo kilimkumbusha mtu. "Hii yako iko sawa na ya yule mama wa mashine ya kusaga, yeye ilikuwa bega. Alilia! Nikamwambia, weye ulia tu, minye niko nafanya kazi." Alicheka upande mmoja wa uso. Saa nyingine zote za siku alikuwa mgonjwa wangu. Hiyo robo saa alikuwa mama yangu, na mimi mtoto niliyeumia.

Nafuu ilikuja, lakini haikukaa. Asubuhi nakamua mashuka, jioni tunaanza upya. Mteja wangu mmoja, mwalimu, akaniambia niende kwa kine. Ndivyo tunavyowaita hapa wale waliosomea kutibu viungo kwa mikono.

Alikuwa mwanaume mwenye kucha fupi sana, sauti ya chini, chumba safi kina picha ya mtu asiye na ngozi, misuli yote nje. Nilimwita docta, akanisahihisha. "Minye si docta, mama. Minye kine." Akaniambia nikunje ngumi, niinue kiganja juu wakati yeye anakisukuma chini. Nikaruka kwenye kiti. Akatikisa kichwa.

"Hii jina yake ni kiwiko ya tenisi."

"Tenisi? Minye?"

"Batu benye bananichekeaka hivyo ni bengi," akasema, bila kucheka.

Matibabu yake nilikuwa nayasubiri kwa hofu na hamu. Kwanza aliweka ncha ya kidole juu ya kile kifupa na kusugua akikatiza mshipa, si kuufuata, huku na huku, sehemu ndogo kama punje ya haragwe. Iliuma hadi machozi, halafu baada ya dakika kadhaa pakafa ganzi. Kisha akanipa taulo iliyosokotwa niibane, na wakati nabana yeye akausukuma mkono wangu chini ya kiwiko kwa upande, taratibu, akaushikilia pale. Ajabu ni kwamba akiushikilia hivyo sikuumia hata kidogo. Nilibana taulo kama mtu mzima. Akiachilia, maumivu yanarudi. Mwishoni alinyoosha mkono wangu wote, akakunja kiganja chini, akanifundisha kuuvuta hivyo mwenyewe nyumbani.

Halafu akauliza swali la kawaida kabisa. "Kule nyumbani unafanyaka kazi gani ya mikono?"

"Ninashonaka."

"Na kufua?"

"Kidogo tu. Sawa batu bote."

Sikumwambia kuhusu mama. Ukiniuliza kwa nini, jibu la kwanza ni heshima. Shuka la mzazi halitajwi mbele ya mwanaume wa nje. Mama aliyenizaa, nimweleze mtu nisiyemjua kwamba hawezi kujizuia? Afadhali kiwiko kikatike. Basi kine akaniambia nipumzishe mkasi, na mimi nikapumzisha mkasi, nikawapa wateja visingizio, na kila alfajiri nikaendelea kukamua mashuka. Alishangaa kwa nini siponi. Mimi sikushangaa.

Sikumwambia pia kuhusu ukandaji wa jioni. Jibu hapo si heshima tena. Niliona haya. Nilikuwa nimekaa chini ya ile picha ya misuli, naitwa mama, naelezwa mambo kwa majina ya Kifaransa, na sikutaka aniwazie kama mwanamke wa shamba anayejipaka mafuta ya ng'ombe. Kabla ya kila seansi kwake nilijiosha mkono kwa sabuni mara mbili ili harufu itoke.

Lakini ngozi haidanganyi. Wiki ya nne alisimama kabla hata hajaanza, akabonyeza pembeni ya kile kifupa, palipokuwa pamevimba na kubadilika rangi.

"Nani anakukandaka hapa?"

"Muntu moya kule mu kartie," nikasema.

Mtu mmoja wa mtaani. Mama yangu.

"Umuambie aache," akasema. Hakukasirika, alikuwa anasikitika. "Minye ninatibu, yeye anaumiza. Asiguse tena."

Nilirudi nyumbani na hasira. Mchana huo nilikuwa nimeharibu gauni la bibi harusi kwenye cherehani kwa sababu vidole vilikataa, na joto la Uvira lilikuwa limenishika shingo. Mama alikuwa tayari. Alikuwa ameomba jirani amsogezee kikopo cha mafuta, kikopo kiko kitandani, kiganja chake kinang'aa. Aliponiona akanyoosha mkono.

Ningeweza kusema kwa namna nyingi. Nilisema hivi: "Wacha, Mama. Kine amekataza. Unaniharibia mukono."

Akauliza, "Niko nakuharibia?"

"Yeye ndiye anasema. Amesoma."

"Aya," akasema. Akachukua pembe ya kikwembe chake akapangusa mkono, kidole kimoja kimoja, bila kuharakisha, mpaka ukawa mkavu. Kisha akauweka juu ya ule uliokufa. Ndivyo nilivyoiona mikono yake tangu siku ile, mmoja juu ya mwingine.

Sikuona kwamba nimefanya jambo kubwa. Nilikuwa nimetii amri ya mtaalamu. Siku chache mbele niligundua kuwa nyumba imekuwa kimya. Yule mama wa mashine ya kusaga hakutajwa tena, wala watu wa tuta la mpunga. Nikikaa kwenye kigoda kumlisha, anakula, anashukuru. Anaishukuru mikono yangu kama ya mhudumu. Jioni aliuliza kitu kimoja tu: "Kule kwa kine, inapona?" Nikasema inapona. Akasema, "Basi ni vizuri," na akageuza uso kwenye dirisha. Mara mbili nilitaka kumwambia, Mama, nikande kidogo, kwa juujuu tu. Mara mbili nikaogopa kine ataona. Mwanamke mzima, mwenye wateja wanaomwogopa, naogopa kugombezwa!

Alianza kula nusu sahani. Nikadhani ni joto.

Tansio, ule ugonjwa wa shinikizo la damu uliompooza, ilimpiga mara ya pili asubuhi moja, nikiwa uani na shuka mikononi. Nilipoingia alikuwa bado anapumua. Mchana hakuwa anapumua tena. Sisemi kwamba alikufa kwa sababu ya yale maneno. Tansio ni tansio, walinieleza hospitalini na nilielewa. Nasema tu kwamba alipokufa alikuwa mtu asiye na kazi, na ni mimi niliyemwachisha.

Watu wa Kiringye walikuja kilioni. Mfiwa kwetu anakalishwa kwenye mkeka na hagusi kazi. Wanawake walinipokonya ndoo, sufuria, hata kikombe. Wakafua, wakapika, wakanilisha. Nilipotaka kusimama nikunje shuka la mama, la mwisho, shangazi mmoja alinikalisha kwa bega. "Kaa. Weye kazi yako ni kulia." Na huku nalia nikawasikia wakionyeshana. Mmoja anainua kikwembe aonyeshe goti. Mwingine anazungusha bega. Hapa alinikanda, na hapa, mwaka ule wa mafuriko. Mzee mmoja alivua kiatu mbele ya wote atuonyeshe kifundo cha mguu, na watu wakacheka, na mimi nikacheka. Miguu na mabega ya kijiji kizima ilikuwa imepita mikononi mwake, na hakuna aliyemwambia kwamba anaharibu isipokuwa mtoto wake.

Siku zile za mkekani sikuinua kitu chochote. Kabla ya watu kuondoka nilishika mkono wa shangazi kumuaga, nikaubana kwa nguvu, na sikuumia.

Nilirudi kwa kine kwa sababu alikuwa amenipangia siku. Akanipa taulo nibane, nikabana. Akasukuma kiganja changu chini, nikakizuia. Akabonyeza kifupa. Uso wake ukafunguka.

"Sasa umepumzika kweli, mama. Nilikuwa nasema nini?"

"Nilifiwa," nikasema. "Mama yangu."

Akaacha mkono wangu, akavuta kiti akakaa. Akanipa pole. Labda ni kwa sababu alikaa, sijui, nikamwambia yote: kupooza, mashuka, kukamua kila asubuhi. Na kwamba yule mtu mmoja wa mtaani alikuwa mama, na mafuta yake ya ng'ombe, na mkono wake mmoja.

Kisha akasema polepole, akiangalia sakafu, "Minye nilizania ni bale ba soko, benye banavunjaka batu. Kama ungesema ni mama yako, ungemuleta. Kusugua pale juu ya mufupa, hapana. Lakini huku chini, mu nyama, mafuta ya moto, polepole, ni kazi muzuri sana. Ningemuonyesha tu mahali. Minye mwenyewe ninaombaka bafamille ba mugonjwa bafanye."

"Angekuwa anakanda mpaka siku ile ya mwisho," nikasema.

"Ndiyo, mama. Kila siku."

Akasema nimepona, nisihangaike kurudi. Akanisindikiza mpaka mlangoni, na kwa kunionea huruma akanipa mkono wa kuume, akaubana wangu kwa nguvu. Nilisubiri maumivu. Haukuuma hata kidogo.