Nyuma ya Hati
Fundi cherehani alikamatwa Ijumaa jioni kwa kukosa kufika mahakamani kutoa ushahidi. Nje ya kituo, mtoto wake anayenyonya alilia mgongoni mwa mama mkwe hadi mabati yakataka kung'oka.

"Utalala ndani mpaka Jumatatu, mama," askari alisema, akimwonyesha hati ya hakimu.

Lakini fundi huyu hajawahi kununua kitambaa bila kukigeuza.

"Afande, naomba nione na nyuma."

"Nyuma kuna nini, pindo?"

Fundi akaigeuza. Hakimu alikuwa ameandika: aachiwe kwa dhamana, akipata mdhamini mmoja.

Askari akakohoa. "Haya, una nani?"

"Mama mkwe, huyo mwenye mtoto. Mwite upesi, afande, mtoto yule akilia hana breki."