Sahani ya Mgeni

Harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, ilikuwa bado kwenye kanga ya mama asubuhi tulipoondoka Mbamba Bay. Baba alikuwa amefariki, ndugu zake wameichukua nyumba, na mama, mzaliwa wa Msumbiji, aliniambia tu, "Twende." Tulipanda milima hadi vijiji vya Mbinga, baridi ikatuingia mifupani, tukapokewa na Mama Kapinga, mkulima wa kahawa mwenye uso mkunjufu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tulipewa. Msimu ule wanawake walilima ngoro kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule: wanaume walilaza nyasi miraba miraba mteremkoni, wanawake wakachimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Mama alijifunza upesi. Mashimo yake hayakubomoka mvua ilipopiga. Lakini kazi ikiisha, wenzake walizunguka sinia moja uani, sisi tukaingizwa sebuleni na sahani yetu. "Mgeni asigombanie tonge," alisema Mama Kapinga kwa upole, na kweli sahani ilijaa. Tulikula tukisikia vicheko nje. Mama alitafuna polepole, kama anayengoja kuitwa.

Mvua zilipokatika alichoka kungoja. Aliibeba sahani, akaimimina kwenye sinia, akaketi. Mikono ikarudi nyuma mmoja mmoja.

"Nimeshiba, dada."

"Mimi leo tumbo."

Kisha mke wa jirani akasema wazi, "Kwani kwenu Msumbiji hamna sinia?" Wakacheka.

Mama hakuinuka. Alinivuta kando yake. "Kula, mwanangu. Leo nafasi ipo."

Tulikula wawili, maharage yakiwa bado ya moto, mpaka uani pakabaki sisi tu.

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijatulia. Napenda kujua watu wa kila kijiji wanaishije. Jana jioni nilifika Lipingo, kijiji kingine cha ziwani, kwa mara ya kwanza, nikitafuta chumba. Nilimwamkia mwenye nyumba.

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Hapa hapa ziwani, mzee. Mbamba Bay."

"Hapana, kwenu hasa."

Nikamtaja mama na Msumbiji yake. Siku hizi hakuna anayecheka. Mzee alitikisa kichwa kwa huruma, akasema binadamu wote ni ndugu, tena akanipa chumba kizuri, cha nyuma, chenye mlango wake peke yake, nisije nikapata usumbufu wa kupita sebuleni kwao.