Tairi Zilizopapaswa

Karakana nzima ilimwita Kiganja, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Mafundi wengine walikagua tairi kwa macho. Yeye alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya mpira, kwenda na kurudi, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Halafu husema, "Hii inaliwa upande mmoja. Gari lako linavuta kushoto." Mwenye gari hubaki mdomo wazi, maana ndivyo lilivyokuwa.

Sasa kiganja kilikuwa kimekufa. Ganzi ilianzia ncha za vidole wakati wa mvua, ikapanda polepole kama mafuta kwenye utambi. Siku moja alishika bomba la moshi la gari lililotoka kuzimwa, akasikia harufu ya ngozi kuungua kabla hajajua kuwa ni yake.

"Nenda hospitali, baba watoto," mkewe alimwambia. "Mficha maradhi..."

"Maradhi gani? Nimelalia mkono tu."

"Tangu mvua zile? Basi una usingizi mzito."

Hakucheka. Wakijua, nani atamletea gari? Akaendelea kufumba macho na kupapasa mbele za watu, na ukweli akautafuta kwa siri, kwa uzi aliouvuta ubavuni mwa gari, toka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kuona kama yamenyooka. Mara nyingi alipatia.

Mdogo wake alikuwa dereva wa mbio, na gari lake halikuguswa na fundi mwingine. Kwa ajili ya kona za uwanjani, tairi za mbele hulazwa: juu ziingie ndani kidogo, ili gari likiinama, mpira wote ukanyage chini. Barabara ya kawaida haitaki hivyo. Ukizurura nalo limelazwa, tairi huliwa ukingo wa ndani, kule jicho lisikofika, huku nje zikionekana mpya. Kwa hiyo mbio zikiisha, gari hurudi kwa kaka kunyooshwa. Safari hii mdogo mtu hakulirudisha. Alizunguka nalo mjini hadi mbio nyingine zikabisha hodi.

"Uvivu tu, kaka. Niangalizie, tairi hizi zitafika au nibadilishe?"

Gari lilikuwa limeshushwa, hata paka asingepita chini yake. Kuona ukingo wa ndani kulitaka jeki, au kukata usukani mpaka mwisho. Mafundi wenzake walisogea na vikombe vyao vya chai.

"Nyamazeni, mganga anapiga ramli," mmoja akasema.

Alijua la kufanya: akate usukani, atazame. Ila Kiganja akianza kutazama, wataanza kuuliza. Akafumba macho, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akapapasa. Hakuhisi kitu. Zamani kutohisi kitu kulimaanisha mpira uko sawa.

"Nenda nazo," akasema.

Alipoutoa mkono, kidole kilikuwa na mchubuko mwembamba, kama wa ncha ya waya. Mikono ya fundi haikosi michubuko. Akafuta damu kwenye ovaroli.

Siku ya mbio, tairi ilipasuka kwenye kona kali, gari likakumbatia ukuta.

Wodini, shuka lilikuwa limelala bapa pale ulipopaswa kuwa mguu wa kulia. Fundi aliketi kando ya kitanda, akatazama dirisha.

"Wanasema tairi ilikuwa imeliwa ukingo wa ndani hadi nyaya zake zimetoka," mdogo wake alisema. "Nikawaambia acheni uzushi, kaka yangu aliipapasa mwenyewe. Nadhani nilikanyaga jiwe."

"Pumzika, mdogo wangu."

Maumivu yakapanda. Mdogo mtu akaukamata mkono wa kaka yake, akaubana kwa nguvu zote, kucha zikazama. Yalipopungua, alifungua macho. Kucha zake zilikuwa zimetoboa ngozi, damu ikichuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono, na kaka yake bado anatazama dirisha, ametulia kama anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Akaubana tena, makusudi, pale pale penye damu. Uso ule haukukunjamana.

"Kaka."

"Naam."

"Tangu lini?"

Fundi akashusha macho, akaona damu. Alifungua mdomo aseme amelalia mkono.

"Tangu mvua zile," akasema.

Mdogo wake akauachia mkono. Fundi hakuhisi ulipoachiwa. Aliona tu.